Mtufaa wa Tandala

Alishuka nao kutoka kwenye fuso la mbao,
mizizi imefungwa kwa mfuko wa mbolea,
na mbolea yenyewe haimo.
Fedha ya mifuko miwili, Tweve,
umeniletea fimbo?
Akauchimbia shimo nje ya dirisha la jiko,
akakung'uta mikono, akasema:
"Huu hauendi juu. Ni mfupi,
kama wewe."
Lile ndilo neno tamu pekee alilowahi kunipa
katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa,
nami nililipokea kama tusi.

Viazi havikunona mwaka ule.
Nilimkumbusha kila siku ya gulio.

Matunda yake? Usiniulize.
Mekundu, kadiri ya kifundo cha kidole,
machachu hata kima huyaonja akayatema.
Debe halijai. Lumbesa haifungwi.
Bwana shamba Kilasi alikuja na kamba yake ya kupimia:
"Mama, ng'oa kipambo hiki,
hapa panatosha miparachichi miwili,
wanunuzi siku hizi wanafika mlangoni."
Nikamwambia, onja kwanza.
Akauma. Jicho moja likajifumba lenyewe.
Akaandika kitu daftarini, akaaga.

Miparachichi ninayo kule bondeni, sikatai.
Ndiyo iliyoniezekea bati.

Lakini Juni ikiingia na sakitu,
majani ya viazi yanaamka meusi
kama yaliyomwagiwa maji ya moto,
upepo unapiga mluzi chini ya mlango,
na mti ule uko uchi, vijiti vitupu,
utadhani ulizikwa pamoja naye.
Umeshakufa mara tisa sasa.

Kisha mwishoni mwa Agosti, kabla ya jani,
kabla hata mvua haijanuka,
matumba.
Mekundu kwanza, kama ncha za vidole
vya mtu aliyetoka kufua mtoni alfajiri;
yakifunguka ni meupe,
na nyuki wa Enea Chaula wanavuka ua
bila hodi.

Mimi nasonga ugali.
Mwaka jana tu ndipo nilipogundua:
sihitaji kuinua uso.
Tawi linakoma hapa, usawa wa macho yangu,
wala halijawahi kunipita.

Tweve, mtu mrefu wewe,
uliinama kiasi gani siku ile kupima?

Ugali unashika chini.