Maagizo kwa Ezati, Kabla ya Basi la Pakwach

Simu hii hapa. Ina ufa pembeni; usiogope,
ufa hauingii pichani.
Kwanza pangusa kile kijicho cha nyuma
kwa pindo la fulana safi,
si hiyo uliyolia chapati.
Ukungu tunaousingizia hali ya hewa
mara nyingi ni mafuta ya kidole.

Miaka kumi na moja nilisimama studioni kwa Adriko,
nyuma ya soko la Arua,
nikiwapanga watu mbele ya pazia lenye ndege ya abiria
na maua yasiyoota popote.
Nimeona kitoto kikimkojolea bwana harusi
naye bado anatazama lenzi, kidevu juu.
Kwa hiyo nisikilize, kisha sahau, kisha piga.

Jua la saa sita lina uchoyo:
linampa mtu paji la uso, linamnyima macho.
Waite upenuni, wasimame pale kivuli kinapokoma,
nyuso zielekee uwanja.
Na usiwapange kwenye ukuta mweupe.
Simu itaustaajabia ukuta
na kumfanya baba yako shimo lenye kola.
Ngozi zetu zina rangi nyingi ndani yake, Ezati,
kahawia mashavuni, zambarau shingoni,
ila mashine haijui
mpaka uiguse sura yake kiooni,
kama anayesema: hapa. Tazama hapa.

Kagua na kilicho nyuma yao.
Mjomba Alioni ameotwa na mnara wa simu utosini
tangu Krismasi ya mwaka juzi.
Amesafishwa, ametiwa fremu, ametundikwa sebuleni.
Hatua moja kushoto ingemwokoa.

Darajani weka simu mfukoni.
Pana askari, na askari hana utani na picha.
Mto utazame kwa macho,
nayo ni namna ya kuhifadhi.

Tembo mtawaona. Utatamani kumvuta kwa vidole viwili,
naye atakuja, amechakaa,
punjepunje kama uji usiokorogwa.
Mwache huko aliko, doa la jivu nyasini.
Geuka umpige mama yako anayemwona.
Tembo wamejaa vitabuni.
Uso ule hauna kitabu.

Ataziba mdomo kwa kiganja, unajua, kwa ajili ya lile jino.
Usimwambie ondoa mkono.
Mkono ndio kicheko chake.

Baba yako ukimwambia tabasamu
anageuka kitambulisho cha taifa.
Subiri anunue angara za kukaanga dirishani,
ahesabu chenji mara mbili,
alambe chumvi kidoleni akidhani hakuna amwonaye.
Hapo. Usihesabu moja, mbili, tatu;
ikifika tatu wote wamekuwa mbao.

Kwa Ayikoru piga magoti. Vumbi hufuliwa.
Ukimpiga toka juu utapata utosi na viatu,
na yeye hajioni hivyo;
yeye anajiona mrefu.

Jioni atalilia simu. Mpe.
Nenda ukasimame na wazazi wako,
maana albamu za studio nilizozipanga mimi
hazina hata unywele wangu mmoja,
nami nilikuwepo kila siku.
Atakukata kichwa. Atapiga kandambili, anga, nusu ya mbuzi.
Na kidole chake kitaziba kona,
kikubwa, chekundu kwa mwanga, hakieleweki.
Nafasi ikijaa futa nyingine zote ukitaka,
futa hata tembo,
ile yenye kidole iache.
Mwakani kitakuwa kidole kingine,
na sote tutaapa
kwamba kilikuwa hivyo siku zote.

Chaja iko mfuko wa pembeni.
Kimbia, kondakta ameshapiga bati.