Fomu ya Mwaka wa Tatu

Fomu ina swali moja lenye nukta kumi na nane mbele yake:
Baada ya kuhitimu, unatarajia kufanya kazi gani?
Nimezihesabu nukta. Hazitoshi.

Nilipopata nafasi, baba mdogo Lameki alicheka
mpaka akaweka kikombe chini.
"Miaka mitatu! Na mkopo juu!
Kwenda kusomea jembe
ambalo bibi yako alilijua kabla hajaota meno?"
Mama hakucheka. Aliendelea kupepeta uwele,
makapi yakienda na upepo, punje zikibaki kwetu.

Basi nimelisoma jembe, baba mdogo.
Nimesoma kwamba shamba letu la Mvumi
lina njaa ya samadi ya miaka mingi,
na kwamba kina cha sentimita kumi na tano
pamejifunga gamba gumu kama uso wa mdai.
Mvua ikija, hii yetu ya mara moja, ya hasira,
inabisha hapo, haifunguliwi,
inaondoka na udongo, inageuka korongo.
Kwa hiyo bibi hakuwa mvivu.
Nililia maabara siku hiyo.
Mwalimu alidhani ni asidi.

Wenzangu wamejaza haraka.
Tabu Ndahani kaandika benki, dawati la mikopo ya wakulima,
kwa kuwa anaijua ladha ya kuambiwa hapana.
Masinga anataka Kibaigwa, anunue alizeti, aikamue;
jina la duka analo, duka hana.
Yupo anayeota mapipa ya mvinyo wa Hombolo
ingawa ni mlokole na hajawahi kuonja.
Yule mkimya wa nyuma kaandika "sijui",
na naona ndiye aliyeisoma mvua kuliko sote.

Mafunzo kwa vitendo nilipangiwa Handali,
na pikipiki ya idara isiyo na breki ya nyuma.
Nikawafundisha akina mama kufunga matuta,
nikasema "milimita", nikasema "kitaalamu".
Sechelela, mwenye mtoto mgongoni, akanyoosha mkono:
"Mwaka juzi alikuja mwenzio, akasema tulime mahindi.
Tulilima. Unajua tulikula nini?"
Sikujua. Sura hiyo haikuwamo kwenye kitini.
Akanionyesha mbegu yake ya uwele,
imekula moshi wa jikoni tangu mavuno,
uzao wa masuke yenye ndevu, ambayo kwelea kwelea
huyatazama, wakaenda kwa jirani.
Nikafungua daftari, nikaketi chini.
Siku hiyo chaki aliishika yeye.

Sasa ni usiku, hosteli.
Upepo unasukuma vumbi jekundu chini ya mlango
na siwezi tena kulifagia bila kujiuliza limetoka shamba la nani.

Ningeweza kuandika afisa ugani. Mtafiti wa mbegu.
Ajira zikichelewa, kuku mia mbili na deni.
Nimeandika: Kupasua gamba.

Wataniita ofisini, watasema jibu halimo kwenye orodha.
Nitakwenda. Nitajaza upya.
Lakini Novemba, kabla ya mvua,
baba mdogo ameniahidi robo eka ya nyuma ya zizi,
ile iliyokataa kuzaa.
"Tuone," kasema,
"hiyo digrii inaota au haioti."