Septemba, Kabla ya Majani

Fomu ilikuwa na safu tatu za jani: urefu, upana, ukingo.
Septemba, misitu ya Liwale haina jani la kupima.
Moto umeshapita, miti imesimama tupu,
na mimi nina stashahada, utepe na kalamu ya risasi.

"Fumba macho," akasema Somoe Nangolo,
mjumbe wa kamati ya maliasili, katambuga miguuni.
Akaushika mkono wangu, akaubandika kwenye shina.
Vigae. Vidogo, vya pembe nne, mstari kwa mstari,
kama tope la lambo lililopasuka kwa jua.
"Huyo mninga. Ukipapasa magamba ya duara
yanayobanduka na kuacha doa jeupe,
kama kovu la tetekuwanga, huyo mkongo."

Miti yote aliiita kwa ngeli ya watu.

Msenjele sikufundishwa na mtu.
Una vinundu shina zima, kila kinundu na ukucha wake.
Ulijitambulisha wenyewe, kiganjani.

Mpingo niliuandika: umekufa.
Mfupi, mashina matatu yanagombana tangu ardhini,
gome la kijivu linachanika kama mfuko wa saruji.
Somoe akakwangua kwa ukucha. Chini yake, kijani, unyevu.
"Futa. Huyu ni mkubwa kuliko wilaya yenu."

Na kwa mbali, tukiwa bado upande wa pili wa bonde:
"Yule aliyetandaza mikono kama anaanika mkeka, myombo.
Yule wa manjano, aliyekimbilia juu kwanza
ndipo akakumbuka matawi, mgude."
Mimi niliona vijiti tu angani.

Siku ya nne tukakuta kisiki.
Hakina umbo, hakina tawi.
Gome limebaki upande mmoja, upana wa kitabu,
na utomvu mwekundu umegandia majivu.
"Mninga!" nikasema, mara ya kwanza kabla yake.

Hakunisifu. Alipiga goti,
akapitisha kidole kwenye mikato ya shoka, mmoja mmoja,
taratibu, kama alivyopapasa magome.
Yote iliingilia kushoto.
Kila wa tatu umepotoka kidogo,
wa mtu mwenye bega bovu.

"Andika. Huyu alikuwa mninga. Sentimita hamsini na mbili."
Nikamsomea safu ya mwisho:
aliyekata, kama anajulikana.
Akatazama juu, pale palipokuwa na matawi.
"Hiyo iache wazi. Hiyo naibeba mwenyewe."

Tulirudi bila kutaja mti hata mmoja,
na njia nzima ilikuwa miti.

Uani kwao nduguye, Mkwanda, alikuwa akichanja kuni
nyuma ya ua wa mabua; sikumwona.
Nilisikia tu: pigo, pigo,
la tatu likateleza.
Somoe akanipokea begi la fomu, akaniambia nisubiri nje.

Nikasubiri. Penseli mkononi.
Jani sikulihitaji.