Kadi ya Tufaha

Alama ya X, nyekundu, kwenye fomu ya hospitali ya Hereford.
Mtaalamu wa usemi, msichana mpole aitwaye Bronwen,
alimwinulia kadi yenye picha: tufaha.
Thirza Preece, miaka themanini na minne,
mdomo umevutwa upande na kiharusi,
akaikagua picha kama mtu aliye sokoni,
akasema: "Costard."

X.

Kadi ileile, baada ya wiki. "Crumpling," akasema,
maana kadi ilikuwa imekunjamana pembeni,
na crumpling ni tufaha dogo lililosinyaa ngozi
kabla halijawa kitu.
X.
Jina la binti yake limemponyoka. Meza imemponyoka,
kijiko, Jumanne, maji.
Yaliyobaki mtini ni haya.

Nawe unayesoma, usicheke.
Kwetu zao la mnazi halina jina moja:
kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi,
na mbata, ukiitikisa, inagonga ndani ya kifuu.
Mwulize aliyezaliwa ghorofani akupangie hizo kwa zamu.
Atakuambia: nazi.
Atapewa alama ya vema.

Delyth alimrudisha mama yake nyumbani mwezi wa Novemba,
bustani haijachumwa, ukungu umekaa hadi saa sita mchana.
Kiti cha magurudumu kikanasa kwenye matope, katikati ya miti,
na hapo ndipo mama alipoanza kusema.

Akanyoosha mkono ule mzima: "Pank."
Delyth akaukumbuka upembo mrefu wa baba,
ulivyokuwa ukitikisa matawi, matufaha ya pombe yakinyesha.
"Tump": lundo linaloachwa nyasini
lipigwe na baridi, lilainike kabla ya kinu.
"Griggles": vile vidogo visivyomshughulisha mchumaji,
vinaachwa juu kwa watoto wa kijiji.
Neno hilo bibi yao mzaa mama alikuja nalo kutoka Wiltshire,
sanduku moja na sufuria zake.

Halafu ule mti mfupi kando ya ukuta,
wenye matunda ya rangi ya kutu, yaliyo wazi chini,
ambayo wahenga wa huko, bila haya,
waliyaita kwa jina la makalio.
Medlar, husema wenye adabu.
Idris, mtoto wa Delyth, akauma moja, akatema.
Bibi akacheka kwa nusu ya uso.
"Blet," akasema.

Sisi tungesema vundika, lakini haitoshi.
Unalilaza juu ya majani makavu, jicho chini,
wiki tatu, ngozi iwe kahawia, nyama iwe uji,
hadi mgeni aseme limeoza.
Ndipo linaliwa, kwa kijiko.
Mbivu na mbichi zitajulikana, tunasema.
Hili halimo katika hizo mbili.

Usiku ule Delyth aliitoa fomu kwenye bahasha.
Kwa kalamu ya risasi, kando ya kila X,
aliandika mama alichokuwa akisema.
Ukingo ukajaa. Akaigeuza nyuma.

Limebaki moja.
Kila asubuhi Thirza huelekeza kidole juu kabisa ya mti wa mwisho,
penye kitu chekundu ambacho upepo haukukitaka,
anasema: "Wennock."
Delyth ameuliza majirani. Amepekua kamusi tatu,
ya nne ameiazima maktaba ya Ledbury.
Hakuna.
Labda lilikuwa neno la shamba hili tu, la watu wawili watatu
ambao sasa wako makaburini.
Labda ni kiharusi kinachosema.

Idris hakungoja kamusi. Amepanda.
Viatu vyake vinamwaga maganda ya kuvu juu ya blanketi la bibi,
na sauti yake inashuka katikati ya matawi:
"Bibi! Huku yako mawili.
Wennock ni lipi?"