Kifungu cha Kumi na Moja

Mkataba wangu una kurasa sita na mhuri wa bluu.
Niliusaini nimesimama, dukani kwa Bwana Wierzbicki,
mtaa wa nyuma, Łódź, theluji ikiyeyukia viatuni,
naye macho kwenye saa: "Saini, cherehani inakungoja."
Kalamu ilikuwa yake.

Kifungu cha saba: ukivunja sindano, unakatwa mshahara wa siku.
Cha tisa: ukiacha kazi, miaka miwili usishone
popote inaposikika kengele ya tramu.
Cha kumi na moja, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
"Fundi atakayeolewa atahesabika amejiuzulu."

Na kazi yetu, jamani, ni magauni ya harusi.

Nimepiga magoti, pini mdomoni,
nikipima upindo wa furaha ya watu.
Mwezi wa Machi nikaolewa na Lubomir, dereva wa tramu,
saa nne asubuhi, kwa sketi ya kazini.
Saa sita nilikuwa kwenye cherehani.
Pete nikaishonea ndani ya upindo wa aproni;
miaka minne imekuwa ikinigonga goti nikitembea.

Ng'ambo ya mtaa Bi Kunegunda alibandika tangazo:
Anatakiwa fundi wa lesi.
Nililisoma kila siku mpaka likapauka.
Kifungu cha tisa kilinishika kiwiko.

Leo, ofisi ya msaada wa sheria, ghorofa ya tatu, lifti mbovu.
Kijana Ziemowit ana mafua.
Penseli yake inapita: hiki batili. Hiki nacho batili.
Kufika cha kumi na moja anacheka,
ananitazama, anaacha kucheka.
"Dada, hiki hakikuwahi kuwa na nguvu. Hata siku moja.
Hakimu angekitupa kabla ya chai."

Hakikuwahi kuwa na nguvu!
Basi nani aliyenivua pete?
Nani alilala katikati yetu, mimi na Lubomir,
tukihesabu siku kwa vidole, tukiogopa mtoto?
Kamba haikuwepo, na shingo ina alama yake.

Namuuliza: hiyo miaka minne naidai wapi?
Anapenga kamasi. Anatafuta fomu.

Kwenye benchi, chini, nimetoa mkasi mdogo
nikafumua upindo, mshono kwa mshono.
Mishono yangu mwenyewe, midogo, imara;
hakuna aliyenishurutisha kuibana hivyo.
Pete haiingii. Kazi imenenepesha kidole.
Nimeivaa kwenye kidole cha mwisho,
nikavuka barabara kwenda kwa Kunegunda.