Nambari 213

Alhamisi baada ya alasiri, Wete,
chumba cha nyuma ya ghala kuukuu la karafuu.
Wapangaji wamehama mara tatu, harufu haijahama.
Ufunguo anao mwenyekiti wetu, Massoud Kombo,
na Massoud huchelewa, ana duka la saruji.
Basi tunamngoja barazani, wanachama saba.
Ada ni elfu mbili kwa mwezi. Wanaolipa, wanne.

Mimi ndiye karani wa chama.
Leja ni yangu, na kalamu, na mwandiko huu mbaya.
Humu nimeandika:
nambari 9, pishi ya mbao, kitako kimepasuka;
nambari 31, upembo wa kuvutia matawi,
umeng'aa pale palipokuwa kiganja cha mtu;
nambari 77, picha ya harusi, watu kumi na wanne.
Jina tulilolipata ni moja, la mbuzi.
(Bi Mize alimkumbuka. Alikuwa mbuzi mkorofi.)
Nambari 102, ufunguo. Mlango haujulikani.

Nambari 213 aliileta kijana wa Gando
ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Nyumba ya bibi imevunjwa, alisema, hii ilikuwa darini,
mkitaka chukueni, kopo nirudishieni.

Karatasi moja, imekunjwa mara nne,
imekuwa rangi ya chai iliyosahauliwa.
Maalim Khatibu akafuta miwani kwa ncha ya kanzu,
akaisogeza dirishani.
Hati za Kiarabu, akasema. Maneno ni yetu.
Akasoma polepole, kama anayevuka kijito kwa mawe:

*Karafuu nilichuma, jamvini nikaanika,*
*Pishi zangu nikapima, kumi na mbili hakika,*
*Karani kanitazama, sita ndizo kaandika,*

na hapo mchwa walikuwa wamefika kabla yetu.
Limebaki neno moja, *Nami*,
kisha tundu, na kupitia tundu
kidole gumba cha Maalim.

Mara chama kikawa soko.
Massoud: Nami nikamwachia Mungu, hakuna jingine.
Faki, aliyefundisha hesabu miaka thelathini:
Hapana, amekwenda kushitaki. Sita kutoa kumi na mbili haitoki.
Zuwena, anayetupigia picha vitu vyote kwa simu yake,
akauchukua upembo, nambari 31, akauinua juu:
Nami nikamchoma nao!
Tukacheka mpaka vumbi likashuka.
Maalim peke yake hakucheka, alikuwa akihesabu mizani vidoleni,
lazima uishie *ka*, alinong'ona, lazima uishie *ka*,
kana kwamba yule mama angerudi kurekebishwa.

"Mama?" akauliza Faki. "Nani kasema ni mwanamke?"

"Mimi," akasema Bi Mize.

Tangu tuingie alikuwa hajatia neno,
anang'oa nyuzi zilizochomoza ukingoni mwa kanga yake.
"Bibi yangu akiusema akitwanga mpunga.
Wote wanne. Ule wa mwisho ndio aliotwangia kwa nguvu."

Kimya. Nje, mtu alikuwa akivuta bati barabarani.
Nikafungua leja. Nikaijaribu kalamu pembeni.
"Haya, Bi Mize. Tutajie."

Akaitazama kalamu kwanza, mimi baadaye.
"Mshororo huo, mwanangu, ni jibu la karani.
Na wewe hapa ni nani?"

Massoud akamsihi kwa ajili ya chama.
Maalim akamsihi kwa ajili ya lugha.
Zuwena akaizima simu, akaionesha imezimwa.
Bi Mize akajifunga kanga, akaomba maji ya kunywa.

Nikaandika kilichokuwepo:
*Nambari 213. Karatasi, hati za Kiarabu.
Mishororo mitatu. Wa nne upo,
kwa Bi Mize Shaame. Haukutolewa.*

"Nisomee," akasema.
Nikamsomea.
"Tena."
Mara hii alikuwa akihesabu kwa vidole,
si mizani kama Maalim.
Maneno. Moja moja,
aone kama nimempunja.