Tano na Moja

Bibi Somoe hakupigwa ili akiache Kimwera.
Hakuna aliyemshikia panga ulimini.
Alipimiwa kibaba cha mtama, basi.

Mwaka gani? Hautaji. Yeye huhesabu kwa kilicholiwa:
mwaka wa ming'oko,
mwaka wa ngozi ya kulalia, ikachemshwa,
mwaka wa mbegu — hapo husita,
maana aliyekula mbegu
amekula na mwaka ujao.

Walishuka kutoka Rondo watu kumi na mmoja.
Walioingia Lindi ni saba.

Mlangoni mwa ghala alikaa karani na daftari:
jina, kijiji, midomo mingapi.
Aliuliza kwa Kiswahili.
Aliyeduwaa alirudishwa nyuma ya foleni,
na foleni ilikuwa na jua lake.

Mama yake, Nambulila, alijua kila mzizi wa pori,
upi unachemshwa mara moja,
upi mara tatu na maji yamwagwe mbali na kuku.
Ila kwao, ukipita tano, ni tano na moja.
"Sita" hakuwahi kukutana nayo.
Akainua vidole. Karani alikuwa anaandika, hakutazama.

"Sita, bwana. Mimi wa saba."
Ndiye Somoe huyo, meno ya mbele hana,
neno kaliokota kwa mtu wa mbele yao
kama mtu aokotavyo punje mchangani.

Tangu siku ile mtoto akawa mdomo wa nyumba,
mama akabaki tumbo.

Mvua ilirudi. Walirudi nao juu, na mbegu za kukopa.
Mama akiita kwa Kimwera, watoto wanaitika kwa Kiswahili,
wala si kwa jeuri.
Kile kilikuwa kinanuka majani yaliyochemshwa bila chumvi.
Njaa waliisikia kwa lugha moja,
shibe ikawajia kwa nyingine,
na nani humlaumu mtoto kwa kufuata sahani?

Leo ming'oko ni mia tano fungu, stendi ya Lindi.
Vijana wanaitafuna kwa pilipili wakingoja basi la Nachingwea.
Nimemletea Bibi fungu moja, bado la moto.
Hakuligusa.
"Hiyo," akasema, "jina lake halikufa. Jiulize kwa nini."

Sikujiuliza. Nilikuwa na daftari langu mimi pia,
nakusanya maneno, midomo mingapi, kijiji gani.
Nikamuuliza: Bibi, nimeshiba, kwenu mnasemaje?

Ungo ukasimama.
Akatazama juu, akatazama mikono,
midomo ikajaribu kitu, ikakiacha.

"Lilikuwepo," akasema.
"Lazima lilikuwepo.
Ila mama hakuwahi kulitumia mbele yangu."

Akaendelea kupeta.
Upepo ulikuwa umegeuka,
makapi yakaja yote upande wangu.